LUKU moja, kaya sita: kisa cha shilingi 1,500 kwenye nyumba ya kupanga Tabata

Nasimamia nyumba za watu hapa Dar es Salaam, na katika kazi hii kesi nyingi ninazoitiwa hazihusu kodi ya pango. Zinahusu umeme, maji na choo. Kisa hiki ni cha umeme. Majina nimeyaacha, na vitu vidogo visivyobadilisha maana nimevigeuza ili wahusika wasitambulike.

Nyumba iko Tabata, nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa. Mbele anaishi mama mwenye nyumba, muuguzi mstaafu, mjane, pamoja na mjukuu wake. Nyuma kuna korido yenye vyumba, na uani kuna vyumba viwili vya pembeni. Wapangaji ni watano. Fundi cherehani na mkewe wana chumba na sebule. Mama anayeuza barafu na juisi ana chumba kimoja na friza. Yupo mwalimu wa shule ya msingi. Huko uani wanakaa vijana wawili, mmoja wa bodaboda, mwingine mlinzi wa usiku. Ukimhesabu mama mwenyewe, ni kaya sita. Mita ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla ya kutumia, ni moja.

Walikuwa wakienda kwa zamu. Kila kaya inanunua umeme wa 10,000, ukiisha anafuata mwingine, na orodha imebandikwa nyuma ya mlango wa korido. Kwa mwezi nyumba inakula kama uniti 300, kwa hiyo elfu kumi inakaa siku mbili au tatu na kila mtu anafikiwa na zamu karibu mara mbili. Friza ya mama wa barafu ilisemwa kila wiki, sabufa ya kijana wa bodaboda ikasemwa pia, lakini mambo yalikwenda.

Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka wa fedha 2023/24 ikapanda, ikawa 1,500 na 7,500. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Usiponunua mwezi huo haifutiki, inakusubiri na kujumlishwa na ya mwezi unaofuata. Kwenye nyumba anayoishi mwenyewe peke yake hili halina shida. Kwenye nyumba ya kaya sita na mita moja, maana yake ni kwamba kila mwezi kuna mtu mmoja, yeyote aliyeangukiwa na zamu, anayelipa kodi ya nyumba isiyo yake. Kwa muda mrefu hakuna aliyegundua, kwa sababu hakuna aliyekuwa akisoma mita. Ugomvi wa friza ndio uliomfanya yule mlinzi aanze kupiga picha mita kabla na baada ya umeme kuingizwa.

Tarehe mosi Agosti 2023 zamu ilikuwa ya fundi. Akaingiza umeme wa elfu kumi, mita ikapanda uniti 23.9.

Hapa lazima niweke hesabu mezani, maana ndiyo iliyowasha moto. Nyumba hii iko kwenye tarifu ya T1, yaani kundi la bei la matumizi ya kawaida, ambako uniti moja ni shilingi 292. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, uniti inafika shilingi 356.24. Elfu kumi inatakiwa kutoa uniti 28 na ushee. Uniti 23.9 ni umeme wa shilingi 8,500. Mlinzi alipiga hesabu hiyo na akaipata barabara, kisha akatoa jibu ambalo wengi wetu tungelitoa: fundi amenunua umeme wa 8,500, anatuambia ni wa 10,000. Akalisema koridoni, mke wa fundi akiwa amesimama mlangoni.

Fundi akatoa simu. Meseji ya LUKU ina tarakimu 20 za tokeni, halafu uniti, halafu mchanganuo wa makato kwa Kiingereza, na kati ya makato hayo kuna mstari wa deni. Mstari huo ulisomeka 1,500. Fundi akapona, lakini nyumba haikupona, kwa sababu swali likageuka: deni gani? Nani anadaiwa? Kufika jioni maneno yalishakuwa kwamba mama mwenye nyumba aliwahi kuchezea mita, akapigwa faini, na sasa wapangaji ndio wanaomlipia kidogo kidogo bila kujua.

Mama aliyasikia kwa mjukuu. Alichonieleza baadaye nakikumbuka neno kwa neno: "Nimefanya kazi wodini mpaka nastaafu, hakuna aliyewahi kunidai hata mia. Leo niitwe mwizi wa umeme kwenye nyumba niliyoimalizia kwa kiinua mgongo changu?" Na yeye hakujua mstari ule wa deni ni nini. Umeme wake hununuliwa na mjukuu, meseji zinaingia kwenye simu ya mjukuu. Kwa hasira akamwambia fundi ahame mwisho wa mwezi, kwa vile simu yake ndiyo iliyoleta maneno. Fundi alikuwa amelipa kodi ya miezi sita mpaka mwisho wa Novemba.

Kuanzia hapo wakaacha kusalimiana. Halafu likaja la Septemba. Tarehe 31 Agosti usiku umeme ukaisha, zamu ikiwa ya mwalimu. Kila mtu sasa alishajua kwamba wa kwanza kununua mwezi mpya anakatwa. Mwalimu akasema hanunui, kwa nini alipe yeye. Kijana wa bodaboda akasema zamu si yake. Mama akasema yeye ameitwa mwizi, basi wanunue wenye akili. Nyumba ikalala giza usiku huo na kesho yake pia, barafu ikayeyuka, juisi ikaharibika, na fundi akashindwa kumaliza nguo za harusi alizokwishachukulia pesa. Ndipo mtoto wa mama, anayeishi Mwanza, akanipigia.

Nikisimulia kisa hiki watu hushangaa kwamba yote haya ni ya shilingi 1,500. Mimi sishangai. Kiasi kidogo ndicho kinachogombanisha watu wa nyumba moja, kwa sababu kikubwa watu wanakiuliza mapema. Mtu akipungukiwa laki anadai. Akipungukiwa elfu moja na nusu anaona aibu kudai, anaiweka moyoni, anaanza kumwangalia mwenzake kwa jicho jingine. Na angalia ni nani aliyedanganya katika kisa hiki chote. Hakuna. Mlinzi alisoma mita sawasawa. Fundi alinunua umeme wa elfu kumi kweli. Mama hakuwa na deni la umeme. Makato yalikuwa halali. Watu sita wasiodanganya waliitana wezi kwa sababu kila mmoja alishika kipande kimoja cha hesabu na hakuna aliyeiona yote.

Kwa hiyo nilipofika sikuitisha kikao. Wasimamizi wengi wanakimbilia kikao, na nadhani hapo ndipo wanapoharibu. Kikao cha watu wenye hasira ni mahali pa kulinda heshima, na mtu akishalinda heshima yake mbele za watu hawezi tena kubadilisha neno. Nilipita mlango kwa mlango. Kwa kila mmoja niliomba vitu viwili tu: meseji za LUKU alizonazo kwenye simu na karatasi ya mkataba wake. Sikuuliza nani kasema nini. Ukiuliza hivyo unaambiwa, na ukishaambiwa umeshaingia upande mmoja.

Meseji zilitosha. Mwezi baada ya mwezi, kwenye manunuzi ya kwanza, kulikuwa na mstari uleule: elfu moja mpaka Juni, elfu moja na mia tano kuanzia Julai. Uliwahi kumwangukia kila mmoja wao, akiwemo mjukuu wa mama. Mikataba nayo ilieleza mengine. Ilikuwa zile fomu za kununua steshenari, dalali amejaza jina, kodi na tarehe. Kwenye umeme imeandikwa "mpangaji atalipa". Kodi ya jengo haikutajwa popote.

Nikaenda kwa mama kwanza. Nilimpa shikamoo, nikakaa, nikamwachia nafasi aseme yote aliyokuwa nayo, na alikuwa nayo mengi. Kulikuwa na mpangaji wa zamani aliyehama usiku akaacha ankara ya maji ya miezi, na ankara iko kwa jina la mama, kwa hiyo mama ndiye aliyekatiwa maji. Lilikuwepo paa linalovuja chumbani kwa mwalimu, ambalo mama alilijua na alikuwa akilikwepa kwa kuwa hakuwa na pesa ya mabati. Nikaona jambo ambalo wapangaji hawakuliona: mama alikuwa akiishi kwa woga ndani ya nyumba yake. Kodi ya pango ndiyo dawa zake za presha. Kila mpangaji aliyemgongea mlango alimwona anakuja kudai.

Nilipomwonyesha meseji na kumweleza kodi ya jengo, akauliza swali la haki kabisa: "Umeme tunawasha wote, kwa nini nilipe mimi?"

Nikamjibu kwamba hiyo siyo ya umeme. Umeme umekuwa njia ya kuipitisha tu. Kodi ya jengo inamhusu mwenye jengo, awe anaishi humo au hapana, kama ilivyokuwa zamani alipokuwa akienda kuilipa mwenyewe. Ni shilingi 18,000 kwa mwaka. Akanyamaza kidogo, akasema: "Basi nimewalipisha watoto wa watu." Sikumwambia zaidi.

Jambo la pili lilikuwa gumu kuliko pesa. Nilimwambia lile neno la kumtaka fundi ahame lirudishwe, kwa maandishi, na lirudishwe mbele ya walewale waliolisikia. Alikataa. Akakubali kumwita fundi chumbani wakamalizana kimyakimya. Nikamwomba anisikilize hapo, kwa sababu fundi alitukanwa koridoni, mkewe akisikia, na mtu aliyechafuliwa hadharani ukimsafisha chumbani bado barazani ni mchafu. Tukaliacha. Kesho yake akanipigia mwenyewe kuniambia amekubali.

Kikao kikafanyika Jumapili alasiri, uani, mjumbe wa serikali ya mtaa akiwepo kama shahidi. Kilikuwa kifupi kwa sababu kazi ilishafanyika kabla. Nilibandika meseji mbili kwenye karatasi moja kubwa, ya Julai katikati ya mwezi na ya tarehe mosi Agosti, nikapiga hesabu mbele yao: elfu kumi gawanya kwa 356.24, halafu elfu nane na mia tano gawanya kwa 356.24. Nikamwomba mlinzi mwenyewe abonyeze kikokotoo cha simu. Alipoona jibu la pili ni 23.86 aligeuka akamwambia fundi, "Kaka, nisamehe, niliona mita sikuona meseji." Mama naye akasema la kwake. Alisema kama muuguzi anavyozungumza, wazi na kwa ufupi: fundi hahami, kodi ya jengo ni yake yeye, na iliyokatwa kwa wengine atairudisha. Tukapiga hesabu ya kila mtu kwa meseji zilizokuwepo, na pesa ikarudishwa palepale. Haikufika elfu ishirini jumla.

Njia ya kulipa kuanzia hapo nilitaka isitegemee kumbukumbu wala hisani ya mtu. Wengine wanashauri mwenye nyumba awatumie wapangaji 1,500 kila mwezi. Haidumu, kuna mwezi atasahau na maneno yatarudi. Tuliweka hivi: kila tarehe mosi zamu ni ya mama, hata kama orodha inamtaja mwingine, na mama hununua umeme wa 11,500. Kodi inakatwa 1,500, nyumba inapata umeme wa elfu kumi kamili, uniti 28 na ushee kama kwa mtu mwingine yeyote. Orodha inaendelea na yule aliyefuata. Hakuna wa kumkumbusha mwenzake.

Na meseji za LUKU sasa zinawekwa kwenye grupu la WhatsApp la nyumba, kila anayenunua, muda uleule. Nilisisitiza meseji yenyewe itumwe kama ilivyo, siyo mtu aandike "nimeweka elfu kumi".

Hiyo ilizima ugomvi wa kodi ya jengo. Lakini zamu sawa kwa watu wasiotumia sawa ilikuwa bado ipo chini, na ningeondoka wakati ule wangeniita tena kwa ajili ya friza. Wakakubaliana kuchangia mita ndogo, zile sabmita, moja kwa kila kaya na moja ya taa za nje na korido. Alizifunga fundi umeme mwenye leseni. Kila Jumamosi zinasomwa na watu wawili, mmoja wa mbele na mmoja wa uani, wakibadilishana, na picha zinakwenda kwenye grupu.

Mwezi wa kwanza wa sabmita ulitoka hivi. Jumla uniti 304. Mama wa barafu 81, fundi 46, mwalimu 33, bodaboda 18, mlinzi 14, taa za nje na korido 20. Mama mwenye nyumba 92.

Aliyekuwa akitumia umeme mwingi kuliko wote alikuwa mwenye nyumba. Friji lake la zamani lilikuwa na mpira wa mlango uliokatika, linanguruma usiku na mchana. Kwa mgawo wa zamani wa sawa kwa sawa kila kaya ingelipa kama 18,000 kwa mwezi. Kwa matumizi halisi, umeme wa mama mwenyewe ni zaidi ya 32,000, na wa mlinzi haufiki 5,000. Yule kijana, mtu wa mshahara mdogo kuliko wote pale, anayelala mchana na kuwasha taa moja, alikuwa akilipia friji la mwenye nyumba na friza ya jirani.

Namba hizo nilizipata Jumamosi asubuhi, na hazikwenda kwenye grupu mpaka nilipokwenda kwa mama nikamwonyesha. Hili nalishikilia sana katika kazi yangu: habari itakayomwinamisha mtu mbele ya wenzake, yeye awe wa kwanza kuijua. Siyo kwa ajili ya kuificha, kwa sababu ilikwenda kwenye grupu jioni ileile bila kupunguzwa hata uniti moja. Ni kumpa mtu saa chache za kuamua atasemaje. Mama alizitumia vizuri. Namba zilipobandikwa, chini yake akawa ameshaandika kwamba friji lake ni bovu, fundi wa friji anakuja Jumatatu, na sehemu yake atalipa yote. Mama wa barafu, aliyesemwa miezi yote ile, aliandika tu "Asante mama." Wengine wangeweza kumcheka mwenye nyumba siku ile. Hakuna aliyefanya hivyo, na naamini ni kwa sababu aliwahi kusema mwenyewe.

Wapo walioniuliza kwa nini hatukuenda moja kwa moja kwenye LUKU ya kila mpangaji. Swali ni zuri na jibu lake liko kwenye hesabu, siyo kwenye hamu. Mteja wa nyumbani ambaye wastani wake hauzidi uniti 75 kwa mwezi anaweza kuwa kwenye tarifu ya D1, ambako uniti ni shilingi 100, na pamoja na makato 122. Tofauti yake na 356 ni kubwa mno. Sabmita haikupi nafuu hiyo, kwa sababu shirika la umeme, TANESCO, linaiona mita kuu tu, na mita kuu inasoma 304. Ni mita ya pekee tu inayoweza kumpa mtu mdogo bei ya mtu mdogo. Lakini kuunganishiwa umeme mjini, njia moja, ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, ni shilingi 320,960. Kwa uniti 46 za fundi, angeokoa kama 10,800 kwa mwezi, kwa hiyo pesa yake ingerudi baada ya miezi 30 hivi, tena kama cherehani yake haitahesabiwa biashara. Kwa mlinzi mwenye uniti 14 ingechukua zaidi ya miaka minane. Na mita inabaki ukutani kwa mwenye nyumba mpangaji akihama. Nilimwambia fundi asifanye kwa sasa, labda mama akubali kuchangia nusu kwa kukata kwenye kodi ya pango. Mazungumzo hayo bado yapo. Yeyote atakayeongeza mita kwenye nyumba ahakikishe pia kwamba kodi ya jengo imebaki kwenye mita moja, maana nyumba moja haitakiwi kukatwa kwa kila mita iliyofungwa.

Upande wa sheria nitasema kidogo, kwa sababu fundi alikuwa ameshaambiwa na watu aende "kumshtaki mama". Tuliwahi kuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ikiwa na mabaraza yake. Ilifutwa mwaka 2005. Leo mpangaji na mwenye nyumba wako chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na mkataba wao wenyewe. Migogoro huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, na lina siku 30. Likishindwa linatoa cheti, mtu anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Fundi angeshinda, sina wasiwasi, kwa sababu kodi yake ilikuwa imelipwa mpaka Novemba na hakuwa amevunja sharti lolote. Ila angeshinda akiwa amebakiza wiki chache za kukaa, katika nyumba ambayo hakuna anayemsalimia mke wake. Sheria ikishakuwa fupi namna hiyo, karatasi ya mkataba inabeba uzito mkubwa, na sisi tunaijaza kwenye boneti ya gari la dalali, mtu akiwa na haraka ya kuhamisha kitanda kabla giza halijaingia.

Tuliandika mkataba upya, ukurasa mmoja na nusu, Kiswahili cha kawaida. Kodi ya jengo inalipwa na mwenye nyumba. Umeme ni kwa usomaji wa sabmita, taa za nje zinagawanywa kwa kaya zote. Notisi ni ya maandishi, na haigusi muda ambao kodi yake imeshalipwa. Malalamiko ya matengenezo yanaandikwa kwenye grupu au kwenye daftari lililo kwa mjukuu, na mwenye nyumba anajibu ndani ya siku saba, hata kama jibu ni "pesa haipo mpaka tarehe fulani". Kifungu hicho cha mwisho mama alikiogopa. Alidhani anajifunga kwenye matengenezo ya kila kitu. Nikamwambia mpangaji anayevujiwa na paa anaweza kuvumilia miezi mitatu akijua ni mitatu. Asichovumilia ni kukwepwa koridoni. Akamwandikia mwalimu kwamba mabati yatabadilishwa baada ya kodi ya Desemba, na mwalimu akaweka ndoo yake chini ya tundu na kusubiri. Mabati yalibadilishwa Januari.

Mkataba wa fundi ulipoisha Novemba alilipa tena miezi sita. Kijana wa bodaboda alihama mwaka uliofuata, akaaga, akaacha sabmita yake imelipwa mpaka uniti ya mwisho.

Kilichobaki ni maji. Ankara bado ni moja, kwa jina la mama, na inalipwa baada ya kutumia, kwa hiyo hofu yake ya kuachiwa deni haijaondoka na siwezi kumwambia ameikosea. Nimependekeza kila mpangaji mpya aweke dhamana ya mwezi mmoja wa maji, ishikwe na mjumbe badala ya mama, irudishwe siku ya kuhama baada ya ankara ya mwisho kusomwa mbele ya wote wawili. Wapangaji wanne wameafiki. Mama wa barafu hajaafiki, anasema yeye anatumia maji ya kununua kwa juisi zake na hawezi kuweka dhamana sawa na wengine, na kwa maelezo aliyonipa naona ana hoja. Tunatafuta bei ya mita ndogo za maji.